Ulinzi wa Mizigo na Vitu vya Thamani kwa Wasafiri wa Ng'ambo: Yaliyotokea Katika Njia ya Tabora

Kwa wananchi wanaojitayarisha kwenda nje ya nchi, iwe kwa Hija, masomo, matibabu, biashara au kazi katika nchi za Ghuba, suala la usalama wa mizigo aghalabu huja mwisho kabisa. Pasipoti hushughulikiwa mapema, tiketi hununuliwa, ndugu na jamaa huagwa, na sanduku hufungwa usiku wa kuamkia safari, tena mara nyingi na mtu mwingine asiyekuwa msafiri mwenyewe. Sanduku linapopotea ugenini, na msafiri akaulizwa lilikuwa na nini, hushindwa kujibu. Maelezo haya yanakusudia kuonyesha namna ya kuepukana na hali hiyo. Kwa kuwa jambo lenyewe si geni katika nchi hizi, yanaanza na safari za zamani baina ya Unguja na Tabora, ambazo habari zake ziliandikwa kwa urefu na wenyewe waliopotelewa.

Safari ya frasila mbili

Katika karne ya 19, Tabora kwa mtu wa Unguja ilikuwa safari ya ng'ambo kwa kila maana. Alivuka bahari kwa chombo cha tanga hadi Bagamoyo, akaajiri wapagazi, kisha akatembea kiasi cha kilomita 800 akipitia Ugogo, ambako kila mtawala alidai hongo yake. Miezi miwili au mitatu ilikuwa mwendo wa kawaida. Waingereza Burton na Speke, waliofika tarehe 7 Novemba 1857, walihesabu siku 134 tangu kuondoka pwani.

Wakati huo mji ulijulikana zaidi kwa majina ya Kaze na Unyanyembe. Yalikuwa makao ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili ndani ya nchi ya Wanyamwezi, tena njia panda ya kwendea Ujiji, Karagwe na Buganda. Vitambaa, shanga na waya wa shaba vilipanda bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na pamoja nazo walishuka watumwa.

Mpagazi mmoja alibeba hadi frasila mbili, yaani ratili 70, sawa na kilo 32 hivi. Kilo 32 ndicho kikomo ambacho mashirika mengi ya ndege leo hayaruhusu sanduku moja kukipita, kwa ajili ya kuilinda migongo ya wapakiaji. Yaonekana mgongo wa binadamu haukubadilika tangu siku za Kaze. Robota la kitambaa lililofungwa kwa kipimo cha bega la mpagazi liliitwa mtumba, na neno hilo ndilo lililobaki katika nguo za mitumba.

Mali iliyopelekwa bila mwenyewe

Daktari David Livingstone, mmishonari na mpelelezi wa nchi kutoka Uskochi, aliondoka Unguja mwaka 1866. Kwa miaka iliyofuata alizunguka katika nchi za Maziwa Makuu akitegemea bidhaa zilizopelekwa nyuma yake kutoka Unguja. Bidhaa hizo ndizo zilizokuwa fedha zake. Bila ya kitambaa na shanga hakuweza kununua chakula wala kumlipa mpagazi, hata akiwa na sifa kubwa kiasi gani huko kwao.

Shehena moja alikabidhiwa mtu aitwaye Sherif aifikishe Ujiji. Livingstone alipowasili Ujiji tarehe 23 Oktoba 1871, mgonjwa na hoi baada ya kutoka Manyema, alikuta shehena imefika lakini imekwisha kuuzwa. Kwa hesabu yake mwenyewe, katika yadi 3,000 za kitambaa hakubakishiwa hata yadi moja, na katika ratili 700 za shanga hakubakishiwa hata uzi mmoja. Sherif alijitetea kwamba alitazamia na kuonyeshwa kuwa mwenye mali amekwisha kufa.

Shehena ya pili ilitayarishwa na ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Unguja mwishoni mwa mwaka 1870. Ilikaa Bagamoyo karibu miezi mitatu bila ya kusogea. Ilipofika Tabora mwaka 1871, vita vilizuka kati ya Mirambo, mtawala wa Urambo, na Waarabu wa Unyanyembe. Njia ya Ujiji ikafungwa, na mizigo ikabaki ghalani chini ya wanyapara wawili. Livingstone alipofika Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tarehe 18 Februari 1872, akiwa pamoja na mwandishi wa gazeti Henry Morton Stanley, alikuta kwamba wanyapara hao walikuwa wakiichota mali yake kwa muda wa miezi 16. Mmoja alikwisha kufa kwa ndui. Mwingine alikuwa amevunja pia kufuli ya ghala la Stanley na kuiba humo. Mchwa nao walikuwa wamefanya kazi yao katika vitako vya bunduki.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho chenye faida kwa msafiri wa leo. Mnyapara aliyebaki alitamka kwamba mali yote iko salama. Livingstone hakubishana naye. Iliagizwa orodha, mali ikahesabiwa mbele yake, na kila kilichokosekana akaulizwa habari zake. Ndipo yule mtu alipokumbuka ghafla kwamba lipo robota lililosahauliwa mahali, lenye majora saba ya merikani na matatu ya kaniki, jumla yadi 304. Alipoulizwa juu ya masanduku, kwanza hakujua lolote, kisha akakumbuka vilevile lilikokwenda sanduku la mvinyo. Kama orodha isingekuwapo, kumbukumbu hiyo isingemrudia.

Yafaa isemwe pia kwamba waliopewa kazi ya kuilinda mali hiyo walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Unguja, waliokodishwa kwa Livingstone, na ujira wao kuishia mikononi mwa mabwana zao. Livingstone aliwalaumu vikali sana. Lakini mtu asiyeonja jasho lake mwenyewe hawezi kutazamiwa kukesha akilinda jasho la mwingine, na kosa kubwa lilikuwa la waliofanya mpango huo.

Mambo haya yanawahusu moja kwa moja wananchi wanaonunua bidhaa Dubai au Guangzhou na kuziacha kwa wakala ili zije kwa meli pamoja na mizigo ya watu wengine. Mwenye mali asiondoke kabla ya kupewa karatasi inayotaja idadi ya maboksi, uzito, alama iliyoandikwa juu ya kila boksi, na jina kamili la mpokeaji. Neno la wakala kwamba "mzigo upo" halitoshi. Linafanana mno na neno la mnyapara wa Kwihara. Kila boksi lipigwe picha likiwa wazi na tena likiwa limefungwa. Ujira wa wakala nao uelezwe katika karatasi hiyohiyo, na sehemu yake ilipwe baada ya mzigo kupokelewa na kuhesabiwa.

Kisanduku cha dawa

Miaka mitano kabla ya kufika Kwihara, Livingstone alipatwa na hasara nyingine iliyomuumiza kuliko zote. Tarehe 20 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, wapagazi wawili walitoroka na mizigo yao. Mmoja wao alikuwa amebadilishana mzigo na kijana aliyekuwa akikibeba kisanduku cha dawa kwa uangalifu mkubwa siku zote. Livingstone aliandika kwamba bidhaa nyingine alikuwa amezigawa katika mizigo mbalimbali kwa kuhofia hasara ya namna hiyo, lakini hakuwaza kabisa kwamba dawa zingeweza kupotea. Kwinini yote ilikuwa mahali pamoja. Alihisi kana kwamba amesomewa hukumu ya kifo, na kwa hakika afya yake haikurejea tena kama zamani.

Wasafiri wengi hufanya kosa hilohilo hadi leo: hugawa nguo katika masanduku mawili, kisha dawa za sukari, za shinikizo la damu au za moyo wakazitia zote katika lile linaloingia tumboni mwa ndege. Dawa za kila siku zinapaswa kuwa katika mkoba wa mkononi, katika pakiti zake za asili, pamoja na cheti cha daktari, na zizidi siku za safari kidogo, maana sanduku laweza kuchelewa na ndege yenyewe yaweza kuahirishwa. Cheti hicho kina kazi nyingine pia. Baadhi ya dawa za kutuliza maumivu, kama vile tramadoli na zile zenye kodeini, zimewekewa masharti makali katika Falme za Kiarabu na nchi jirani, na msafiri anayekutwa nazo bila ya kibali anaweza kushitakiwa.

Fedha taslimu, dhahabu, simu, kompyuta, vyeti vya masomo, hati za nyumba na funguo navyo visiwekwe katika sanduku linalokabidhiwa. Makampuni mengi ya ndege hutamka katika masharti ya tiketi kwamba hayatachukua dhamana ya vitu hivyo vikiwekwa humo. Betri za akiba za kuchajia simu hazikubaliwi kabisa katika shehena ya ndege kwa sababu zinaweza kuwaka moto. Nazo hubebwa mkononi. Vito vya thamani ni bora vibaki nyumbani, isipokuwa pale ambapo msafiri ana haja navyo kwa hakika. Harusi ya Maskati ni haja. Matembezi ya wiki mbili si haja.

Muhuri na orodha

Stanley alipoagana na Livingstone huko Kwihara mwezi Machi 1872, alikabidhiwa kitabu cha kumbukumbu cha Livingstone akipeleke Uingereza. Kitabu kilifungwa na kutiwa lakiri mahali patano. Kwa kuwa hapakuwa na muhuri wa kawaida, lakiri zilipigwa chapa kwa vitu vilivyokuwapo: sarafu ya dhahabu ya Kimarekani, anna, nusu anna, na kipande cha rangi ya kuchorea kilichokuwa na nembo ya kifalme. Alama hizo zikatajwa katika maandishi, ili yeyote aliyefungua na kufunga upya ajulikane. Kitabu kikawafikia watu wa familia yake mwaka huohuo.

Kufuli ndogo ya sanduku haimzuii mwizi mwenye bisibisi, na katika viwanja vya ndege vya Marekani wakaguzi wana haki ya kuikata. Hata hivyo, alama isiyoweza kurudishwa kama ilivyokuwa, kwa mfano kibano cha plastiki chenye namba au karatasi ya kufungia iliyotiwa sahihi, humwezesha msafiri kujua palepale, kabla ya kutoka uwanjani, kwamba sanduku lake limefunguliwa. Namba ya kibano iandikwe mahali pengine. Ikumbukwe tu kwamba mifuko ya plastiki, ambayo wengine huitumia kufungia mizigo, imepigwa marufuku Zanzibar, na Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo msafiri asiitegemee.

Ushahidi mkubwa zaidi wa kazi ya orodha ulitolewa na wafuasi wa Livingstone wenyewe. Yeye alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, na mali yake yote ikabaki mikononi mwa watu wapatao 60, mamia ya kilomita kutoka kwa mtu yeyote ambaye angeweza kuwauliza. Viongozi wao, Susi na Chuma, waliwaita wenzao, wakayafungua masanduku mbele ya wote ili wote kwa pamoja wawe na dhamana ya vilivyomo, na Jacob Wainwright, aliyejua kusoma na kuandika, akaviorodhesha katika daftari dogo. Hapakuwa na serikali iliyowaamrisha kufanya hivyo. Ndipo wakaukausha mwili, wakaufunga, na kuanza safari ya kurudi pwani kwa njia ya Tabora.

Walipofika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873 walimkuta Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza, aliyewashauri wauzike mwili hapohapo. Walikataa. Alichukua baadhi ya vyombo vya kupimia vya marehemu kwa ajili ya safari yake mwenyewe, na hilo hawakuweza kulizuia. Orodha haimzuii mkubwa kuchukua. Humfanya ajulikane alichochukua. Mbele kidogo, huko Kasekera, wenyeji walikataa maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wale wakatengeneza kifurushi cha mabua kilichofanana na maiti, wakawatuma watu kadhaa wakirudishe Unyanyembe kana kwamba kinakwenda kuzikwa, kisha mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane kama mtumba wa kawaida wa kitambaa. Ulipita bila ya mtu kuutazama mara mbili. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo, na tarehe 18 Aprili mwaka huo mwili ulizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London. Shajara walizozihifadhi zilichapishwa mwaka huohuo.

Hila ya Kasekera haifai kutumiwa mbele ya maofisa wa forodha, ambao msafiri anapaswa kuwaeleza kweli. Inafaa mbele ya wezi. Sanduku la bei kubwa na linalong'aa hutangaza kilichomo ndani yake. Jina la mwenye sanduku na namba ya simu viandikwe nje, anwani ya nyumbani iwekwe ndani, na kitambaa cha rangi kifungwe kwenye mpini ili lisichukuliwe kwa makosa na mwenye sanduku linalofanana nalo.

Mzigo wa mtu mwingine

Wapagazi wawili wa mwaka 1867 walipata nafasi yao katika kubadilishana mizigo. Katika viwanja vya ndege kubadilishana huko kuna hatari kubwa zaidi. Msafiri huombwa na mtu asiyemfahamu, au anayemfahamu kidogo, amchukulie kifurushi kwa kuwa uzito wake umezidi, na huona haya kukataa. Mbele ya sheria, aliyekutwa na mzigo ndiye mwenye mzigo. Katika Saudi Arabia kosa la kuingiza dawa za kulevya linaweza kufikia adhabu ya kifo, na maneno "nilipewa tu" hayajamwokoa mtu. Kifurushi kinachotoka kwa ndugu wa damu nacho kifunguliwe na kutazamwa mbele yake. Ndugu mwema hatachukia.

Sheria inavyomlinda msafiri wa ndege

Safari za ndege za kimataifa zinaongozwa na Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama. Chini ya mkataba huo shirika la ndege linawajibika kwa mzigo uliokabidhiwa ukipotea, ukiharibika au ukichelewa, lakini kwa kikomo. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 kikomo hicho ni 1,519 kwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, kiasi cha dola 2,000 za Marekani. Kikomo ni kwa kila abiria, si kwa kila sanduku. Mwenye masanduku matatu hapati mara tatu. Wala si malipo ya moja kwa moja: msafiri hulipwa hasara anayoweza kuionyesha, na hapo ndipo orodha, picha na risiti zinapohitajika. Mwenye mali ya thamani zaidi anaweza kuitangaza thamani hiyo wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa ada ya ziada.

Msafiri wa Tabora anayekwenda ng'ambo hubadilisha vyombo mara mbili au tatu: gari moshi au basi hadi Dar es Salaam, pengine boti ya kuja Unguja, kisha ndege mbili. Mzigo hupotea zaidi katika mabadilishano hayo kuliko njiani. Wakati wa kukabidhi sanduku, aisome karatasi inayobandikwa na kuhakikisha kwamba inataja mji wa mwisho wa safari. Ikiwa tiketi zilinunuliwa mbalimbali, huenda akalazimika kulichukua sanduku katikati ya safari na kulikabidhi upya. Kipande cha namba anachopewa si takataka. Bila ya hicho, kuthibitisha madai ni kazi ngumu.

Sanduku lisipotokea, msafiri asitoke ukumbini. Aende kwenye dawati la mizigo la shirika lililomleta, ajaze ripoti, na aondoke na nakala yenye namba. Kwa mzigo ulioharibika, malalamiko ya maandishi yanapaswa kupelekwa ndani ya siku 7 tangu kuupokea. Kwa uliochelewa, ndani ya siku 21 tangu siku ulipokabidhiwa kwake. Mzigo ambao haukufika baada ya siku 21 kupita tangu siku uliyotarajiwa huhesabiwa kuwa umepotea, na mwenyewe anaweza kudai kama wa mzigo uliopotea. Haki ya kufungua kesi hufa baada ya miaka miwili. Vitu vya lazima alivyonunua wakati akisubiri, kama nguo za kubadili, navyo hudaiwa, ikiwa risiti zimehifadhiwa.

Pasipoti

Pasipoti ikipotea au kuibiwa, taarifa itolewe kwanza polisi wa nchi ile, kisha ubalozi wa Tanzania, ambako msafiri anaweza kupatiwa hati ya dharura ya kurejea nyumbani. Nakala ya ukurasa wenye picha, iliyohifadhiwa mbali na pasipoti yenyewe na nyingine ikiachwa kwa jamaa nyumbani, hurahisisha kazi hiyo.

Wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba wanakumbushwa kwamba pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa, na mwajiri hana haki ya kuizuia kama rehani. Kabla ya kuondoka, mfanyakazi aache kwa watu wake nakala ya pasipoti, nakala ya mkataba wa kazi, jina la mwajiri na mahali anapoishi, na ayakariri namba za simu za ubalozi badala ya kuzitegemea katika simu ambayo nayo yaweza kuchukuliwa.